Mashine nne, majibu manne, na pesa za chama bado ziko kwenye simu yangu

Sista, salamu nyingi kutoka Nakuru.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 41, naishi Section 58 na nafanya kazi ya ukarani mjini. Tuko na chama cha akina mama kumi, na mimi ndiye mweka hazina. Desemba tulishonewa sare za kitenge kwa ajili ya harusi ya binti wa mwenyekiti. Fundi wetu, ambaye yuko karibu na soko la Wakulima, alitupima sote siku moja, akacheka akasema kitambaa alichokuwa amekadiria hakitoshi. Tulicheka naye lakini neno lilituingia. Januari tukakubaliana kila mmoja atoe shilingi 3,000, na mwisho wa Juni atakayekuwa amepunguza asilimia kubwa zaidi ya mafuta mwilini azoe zote 30,000. Hatukutaka kutumia kilo kwa sababu mwenzetu mmoja aliyesomea lishe alituambia kilo hudanganya, maana misuli nayo ina uzito wake.

Januari tulipimwa kwenye jimu moja hapa mjini, kwa ile mashine ya kusimama bila viatu huku umeshika vishikio viwili. Nilikuwa na kilo 84 na mafuta asilimia 36.8. Nikajitosa. Jumamosi napanda Menengai na wenzangu watatu, jioni nyingine naenda jimu kunyanyua vyuma. Soda niliacha, mandazi ya saa nne nikaacha, ugali nikapunguza nusu. Sketi zangu za kazi zimerudi kwa fundi kubanwa.

Ilipofika Juni, ile jimu ilikuwa imeshafungwa. Mwenzetu mmoja akasema ana mizani ya kidijitali nyumbani, ya kuunganishwa na simu, na kwamba nayo inapima mafuta. Tukaenda kwake Jumapili baada ya kanisa, tukanywa chai, tukaipanda mmoja mmoja. Mimi kilo 77, mafuta asilimia 37.4. Yaani kilo saba zimekwenda na mafuta yamepanda! Mwenzetu mwingine, nimwite Mama K, ambaye Menengai anaiona tu akiwa kwa matatu, Januari alikuwa na kilo 79 na asilimia 39.2. Juni mizani ikamwonyesha kilo 78 na asilimia 33.1. Sasa anataka pesa zake na ana haki ya kuzitaka kwa sababu kanuni tuliiandika wenyewe.

Nikaanza kutafuta ukweli. Kocha wa jimu ninayoenda siku hizi alinibana ngozi kwa ile kalipa, akasema asilimia 31. Programu ya simu inayouliza vipimo vya shingo, kiuno na nyonga ikasema 39. Halafu mwenzetu aliyekuwa Uingereza kwa bintiye mwezi wa Mei alipimwa huko kwa mashine ya DEXA akaambiwa 41, na mizani yetu ya Jumapili ikampa 35. Kundi la WhatsApp limekuwa mahakama, kila mtu na kipimo chake. Kuna wanaonong'ona kwamba nazikalia pesa kwa sababu nilitaka kushinda mimi.

Naomba unijibu, Sista. Kipimo cha kweli ni kipi? Mama K ameshinda? Na je, ninunue mizani yangu mwenyewe? Nimeona moja ya shilingi 4,500. Kama itakusaidia, kimo changu ni sentimita 162 na kiuno ni 88.

Mweka Hazina, Nakuru

*

Dada yangu Mweka Hazina,

Mama K hajashinda. Kabla hujamtumia ujumbe huu, soma na sentensi inayofuata: wewe pia hujashinda, na hakuna aliyeshindwa. Mlinunua mahindi kwa gorogoro moja Januari, mkayauza kwa gorogoro nyingine Juni, kisha mkaanza kugombania faida.

Sikuambii haya ili kuwapatanisha. Hesabu yenyewe inayasema. Kilo 84 kwa asilimia 36.8 ni kilo 30.9 za mafuta. Zinabaki kilo 53.1, ambazo ni misuli, mifupa, maji na viungo vya ndani. Juni kilo 77 kwa asilimia 37.4 ni kilo 28.8 za mafuta, zinabaki 48.2. Kwa hiyo tukiziamini mashine hizo mbili, umepoteza kilo mbili tu za mafuta, na karibu kilo tano za misuli na vinginevyo, katika kipindi ambacho ulikuwa unapanda Menengai na kunyanyua vyuma. Njoo sasa kwa Mama K. Januari alikuwa na kilo 31 za mafuta, Juni kilo 25.8. Lakini uzito wake umepungua kilo moja tu. Ina maana amejenga zaidi ya kilo nne za misuli akiwa amekaa. Kuna vijana wanaoshinda jimu, wanakula mayai kwa trei, na kilo nne za misuli ndani ya nusu mwaka wanaziota tu.

Tuseme mizani ya Juni ndiyo imekaribia ukweli wako, na kwamba kati ya kilo saba ulizopoteza, sita zilikuwa mafuta, jambo ambalo kwa mtu anayefanya mazoezi kama yako linawezekana kabisa. Basi Januari ulikuwa na kilo 34.8 za mafuta, sawa na asilimia 41. Mashine ya kwanza ilikupunguzia pointi nne au tano siku ile, ukafurahi bila kujua.

Swali lako la kipimo cha kweli lina jibu la kuudhi. Hakuna mashine hata moja kati ya hizo inayopima mafuta. Zote hupima kitu kingine kisha hukisia mafuta kwa fomula. Kuyapima mafuta yenyewe ni kuyatoa mwilini na kuyaweka kwenye mizani. Watafiti wa Brussels, Ubelgiji, walifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ya 1980, kwa maiti 25, wakitenganisha ngozi, mafuta, misuli na mifupa. Sisi tulio hai inabidi turidhike na makisio, na tofauti iko katika ubora wa kisio.

Nianze na mizani ya umeme, maana ndiyo iliyoleta vita. Unapoipanda, inapitisha umeme mdogo sana, usiousikia, ikapima ukinzani unaokutana nao. Misuli ina maji mengi yenye chumvi, kwa hiyo umeme hupita kwa urahisi. Mafuta yana maji machache, na yanauzuia. Mizani haijui zaidi ya hapo. Inachukua ukinzani, inachanganya na uzito, kimo, umri na jinsia, inakadiria maji yaliyomo mwilini, kutoka kwenye maji inakadiria misuli, na kinachobaki inakiita mafuta. Hayo ni makisio juu ya makisio, halafu yanaandikwa kwa desimali moja ili yaonekane ya kisayansi.

Sasa tazama mlivyopima. Mashine ya Januari ilikuwa na vishikio, kwa hiyo umeme ulipita mikononi, kiwiliwili na miguuni. Mizani ya nyumbani hugusa nyayo tu. Umeme hupanda mguu mmoja ukashukia mwingine, na tumbo, ambalo ndilo lililokufanya uingie kwenye mashindano haya, karibu halihusiki. Mashine inalikisia kutokana na miguu. Mtu mwenye miguu myembamba na tumbo kubwa hupendelewa sana na mizani ya aina hii. Mwenye nyonga na mapaja mapana huonewa. Sijawahi kuwaona wewe na Mama K, lakini ukikaa na wenzako mkiangaliana bila hasira, huenda mkaanza kuelewa.

Kisha saa na siku. Mtu aliyepungukiwa na maji huonekana ana mafuta mengi zaidi, maana ukinzani unapanda. Aliyetoka kutembea juani, ngozi ikiwa na joto, huenda akasomeka pungufu. Chai mliyokunywa kabla ya kupanda imeongeza uzito bila kuongeza misuli, na mizani haijui kwamba ni chai. Siku za karibu na hedhi mwili huweka maji, na namba hubadilika tena. Wanaotumia chai za kuharisha ili wakonde kabla ya siku ya kupimwa, nao wapo kwenye kila chama, hupoteza maji na kupunguza kilo, kisha wanashangaa asilimia ya mafuta imepanda.

Lakini kuna jambo ninalolishuku kuliko hayo yote, na ningependa umuulize mwenye mizani leo leo. Mlipopanda, kila mmoja aliandikishwa kwenye simu kwa kimo chake, umri wake na jinsia yake? Au mlipanda kumi nyote kwa jina la mwenye nyumba? Mizani hizi hutumia kimo kupiga hesabu. Mtu mfupi akipimwa kwa kimo cha mtu mrefu, mafuta yake hushuka papo hapo bila jasho. Kama Mama K ni mfupi na mwenye mizani ni mrefu, nadhani tumeshapata pointi nyingi kati ya sita alizopunguza. Baadhi ya programu pia huwa na sehemu ya kuchagua kama wewe ni mwanamichezo. Ukiigusa kwa bahati mbaya, fomula hubadilika na mafuta hupungua. Hii haimaanishi kuna aliyeiba, kwa hivyo usiulize kama polisi.

Kocha wako na kalipa yake ya 31. Kalipa hubana mkunjo wa ngozi na mafuta ya chini yake, ikasoma milimita. Kwa wanawake mara nyingi hubanwa nyuma ya mkono wa juu, juu ya mfupa wa nyonga, na kwenye paja. Milimita hizo huingizwa kwenye fomula. Moja ya fomula zinazotumika sana ilitokana na watu 481 waliopimwa Glasgow, Scotland, ikachapishwa mwaka 1974. Sina ubaya na watu wa Glasgow, ila mwili wako haukuwa katika hesabu yao. Halafu kuna mkono wa mpimaji. Makocha wawili hubana sehemu mbili tofauti hata wakiwa wamesimama upande mmoja, na kwa mtu mwenye mwili mkubwa mkunjo wenyewe haushikiki vizuri. Kalipa pia haifikii mafuta yaliyojificha ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo. Hata ikishikwa na mtu mzoefu, kosa la pointi tatu au nne juu au chini ni la kawaida. Hiyo 31 yako siiamini.

Lakini usimfukuze kocha. Mwambie aache kukupa asilimia. Aandike milimita za sehemu zile tatu, azijumlishe, na mwezi ujao abane palepale kwa kalipa ileile. Jumla ikishuka kutoka 95 hadi 80, mafuta ya chini ya ngozi yamepungua, hakuna haja ya kuipitisha Glasgow.

DEXA ndiyo bora kati ya mlizotumia. Hutumia miale ya eksirei ya nguvu mbili tofauti, na kwa kuwa mfupa, mafuta na misuli huipunguza kila kimoja kwa namna yake, mashine inaweza kuvitenganisha hata kwa sehemu ya mwili: mkono, mguu, kiwiliwili. Ilibuniwa kwa ajili ya mifupa, kuwapima watu walio katika hatari ya mifupa kudhoofika. Mionzi yake ni midogo, chini ya ile ya eksirei ya kifua, ingawa mjamzito hapaswi kupimwa. Hata hiyo si hakimu wa mwisho. Mashine za kampuni mbili hutoa majibu tofauti kwa mtu yuleyule, na ukiingia umetoka kula na kunywa, maji hayo husomeka kama misuli. Lakini mwenzenu aliyepata 41 huko na 35 hapa, mimi ningeishika ile 41. Mizani za umeme zina tabia inayojulikana ya kuwapunguzia mafuta watu wenye miili mikubwa.

Kuna njia ya zamani zaidi, ya kumzamisha mtu ndani ya maji na kumpima uzito akiwa humo, kwa kuwa mafuta huelea na misuli huzama. Naitaja kwa sababu inamtetea mwenzenu wa lishe. Mwaka 1942, Albert Behnke, daktari wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, pamoja na mwenzake, waliwapima hivyo wachezaji 25 wa kandanda ya Kimarekani. Kwa majedwali ya uzito na kimo ya wakati huo, 17 kati yao wangekataliwa jeshini kwa kuwa wazito kupita kiasi. Walipozamishwa, wengi wao wakaonekana uzito ule ni wa misuli. Nenda uwanja wa Nakuru Athletic Club siku ya raga, uwatazame wale wa mstari wa mbele, utaelewa shida ya kutumia kilo peke yake. Kwa hiyo mwenzenu hakukosea kanuni. Kanuni yenu ilikuwa nzuri kuliko vifaa vyenu.

Imebaki programu ya simu iliyokupa 39. Fomula yake ni ya 1984, na inatoka kwa haohao wanamaji wa Marekani. Walitaka njia ya bei rahisi ya kuwakagua mabaharia bila kuwazamisha wote. Shingo, kiuno, nyonga na kimo, basi. Nayo inaweza kukosea pointi tatu au nne. Ila ina sifa moja ambayo mizani ya nyayo haina, inalitazama tumbo. Ukinilazimisha niseme uko wapi leo, ningesema mahali fulani kati ya 36 na 41, na nisingebishana na mtu ndani ya hapo. Majedwali ya jimu, yale ya kusema mwanamke wa kawaida awe kati ya 25 na 31, hayakuulizi ulipimwa kwa kifaa gani, kwa hiyo usijiweke humo kwa namba ya kuazima.

Turudi kwa pesa, maana najua wenzako wamefungua simu kusoma sehemu hii tu.

Mna kipimo kizuri na hamkijui. Fundi wenu aliwapima nyote kumi siku moja, Desemba, kwa tepu moja na mkono mmoja, na fundi yeyote anayejiheshimu ana daftari. Mwendeeni. Muulize kwanza kama alichoandika ni kipimo cha mwili au alikuwa ameshaongeza nafasi ya kupumulia, maana mafundi hutofautiana. Kama ni cha mwili, awapime tena nyote kumi siku moja, mkiwa na nguo nyepesi, kabla ya kula, na kwa tepu ileile kama bado anayo. Kisha angalieni kiuno kimepungua kwa sehemu gani ya kile cha Desemba. Kama daftari linasema ulikuwa inchi 38 na leo ni 34 na nusu, umepunguza tatu na nusu kati ya 38, yaani asilimia 9. Mwenye kiuno kikubwa na mwenye kidogo wote wanaingia kwenye hesabu hiyo kwa haki. Na anayejua kunyonya tumbo ndani, fundi ataambiwa asubiri hadi apumue nje.

Kiuno si asilimia ya mafuta, ni kweli, na Mama K anaweza kusema mmebadilisha kanuni mchezo ukiwa umeisha. Akisema hivyo, ana hoja. Ndiyo maana usiamue wewe. Wewe ni mshindani na wewe ndiye uliyeshika pesa. Hata ukiwa mwaminifu kama mizani ya benki, hapo hujakaa vizuri. Mpe mwenyekiti hesabu zangu zile za juu, azisome mbele ya wote, kisha wapige kura kati ya mambo mawili: daftari la fundi, au kila mtu kurudishiwa 3,000 zake. Mimi ningerudisha pesa, nikaanza upya Julai kwa kanuni mpya. Mashindano ya namna hii watu hujinyima chakula wiki ya mwisho ili wapungue, na wewe mwenyewe unajua nani wa kwanza kufanya hivyo katika kundi lenu. Pesa zikirudi, hakuna mwenye sababu. Vyovyote itakavyokuwa, usizitoe kwenye simu yako kabla ya kura, na baada ya kura usizilaze.

Sasa wewe peke yako, bila chama. Kimo chako ni 162, nusu yake ni 81. Tangu 2022 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayowaongoza madaktari wa huko, inashauri mtu mzima ajitahidi kiuno chake kiwe chini ya nusu ya kimo chake. Kwa wanawake wa Kiafrika shirikisho la kimataifa la kisukari linatumia kikomo cha sentimita 80, kwa hiyo majibu mawili yanakutana palepale. Una 88. Zimebaki saba au nane, na hizo ndizo zinazonihusu mimi kama nesi, kwa sababu mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yanayokwenda pamoja na sukari, presha na maradhi ya moyo kuliko yale ya mapajani. Ujipime mwenyewe nyumbani: tafuta ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, tepu ipite katikati ya hapo, usiikaze, pumua nje kawaida, soma. Hapo patatofautiana kidogo na anapopima fundi, kwa hiyo usichanganye madaftari. Mara moja kwa mwezi inatosha. Kila siku utajitia wazimu.

Na kabla mwezi huu haujaisha, nenda ukapimwe presha na sukari ukiwa hujala. Miaka 41, kilo 84 mwanzoni mwa mwaka, hiyo ni sababu tosha. Hujasema kama umewahi kupimwa na nina wasiwasi kwamba hukusema kwa sababu hujawahi.

Mizani ya 4,500 usinunue kwa ajili ya mafuta. Kama huna mizani kabisa na unataka ya kilo, nunua ya kawaida isiyojua jina lako. Ukiona lazima uwe na ile ya umeme, basi uipande asubuhi ulipoamka, umeshakwenda msalani, hujanywa kitu, bila viatu wala soksi, kwenye sakafu ya saruji na si zulia, na uangalie mwelekeo wa miezi mitatu badala ya namba ya leo. Namba ikicheza pointi mbili kutoka Jumatatu hadi Alhamisi, ni maji hayo, endelea na siku yako. Na katika chama chenu, kama kuna mwenye kifaa cha kuusaidia moyo kupiga au mjamzito, asiipande kabisa. Tepu ya fundi ni bei ya soda mbili ambazo hunywi tena.